Ng'ombe Apigaye Pembe: Kishindo cha PTO na Mapenzi ya Mungu

PTO ni mhimili mfupi wa chuma unaotokeza nyuma ya trekta, na kazi yake ni kuipa mashine nyingine nguvu ya injini. Kasi yake ya kawaida ni mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kila sekunde. Kipimo hicho kina asili katika makubaliano ya wahandisi wa kilimo wa Marekani ya miaka ya 1920, na matrekta makubwa huongeza kasi ya pili ya mizunguko 1000. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, ambako sehemu kubwa ya ardhi hulimwa kwa plau ya ng'ombe, trekta huonekana zaidi katika kazi mbili: kuvunja mashamba makubwa mwanzoni mwa msimu, na kupukuchua mahindi baada ya mavuno. Kulima kwa plau hakuhitaji PTO. Kupukuchua kunaihitaji, kwa kuwa mashine nyingi kubwa za kupukuchulia hazina injini. Huunganishwa na trekta kwa shafti yenye krosi kila upande. Hapo ndipo kishindo kinapotokea. Dereva anaingiza PTO, shafti inaruka, mashine inashtuka mpaka magurudumu yake yanasogea, na injini inalemewa kama inayotaka kuzima.

Kishindo hicho ni habari ya ufundi, lakini kinabeba swali ambalo ufundi peke yake haulimalizi. Krosi ikikatika katikati ya kazi, au shafti ikimshika mtu, watu hutafuta sababu, na majibu hayafanani. Mmoja husema ni mapenzi ya Mungu. Mwingine husema ni mkono wa mtu. Wa tatu huita bahati mbaya, na wa nne, kwa kawaida kwa sauti ya chini, hutaja uzembe. Mtu anapojua kwa nini jambo hutokea, na anajua namna ya kulizuia, je, bado ana ruhusa ya kulirudisha kwa Mungu? Jibu haliwezi kutolewa bila kwanza kuelewa kinachotokea ndani ya chuma.

Chuma kilichotulia hukataa kuanza kuzunguka, na kikishaanza hukataa kusimama. Wanafizikia huiita tabia hiyo inesha. Dramu ya kupukuchulia ni nzito, na baadhi ya mashine huongezewa flaiwili ili mwendo usiyumbe, hivyo inesha yake ni kubwa. Klachi ya PTO inapoukutanisha mhimili unaozunguka na dramu iliyotulia, tofauti ya kasi kati yao lazima imalizwe na msuguano. Ikiwa injini haipungui kasi na dramu haina mzigo, joto linalozalishwa ndani ya klachi ni sawa na nishati ambayo dramu imepata, muda wa kuungana uwe mfupi au mrefu. Upole, basi, hauondoi gharama ya kuanza. Kinachobadilika ni msokoto unaopita kwenye shafti: dramu ikifikishwa kwenye kasi yake kwa nusu sekunde, msokoto wa kuifikisha huko ni mara nne ya ule ambao ungehitajika kwa sekunde mbili. Trekta la nguvu-farasi 50, likitoa nguvu yake yote kwenye mizunguko 540, husokota shafti kwa nyutoni-mita zipatazo 660. Kishindo cha kuanza kinaweza kuvuka kiwango hicho kwa mbali, kwa sababu wakati huo shafti inapokea nguvu ya injini pamoja na ile iliyokwisha kujikusanya katika flaiwili ya injini.

Kuna njia ya pili, na ndiyo yenye faida kubwa zaidi: kuanza kwa kasi ndogo. Nishati ya kitu kinachozunguka hufuata mraba wa kasi yake. PTO ikiingizwa wakati mhimili ungezunguka mara 270 kwa dakika, nishati ambayo klachi inapaswa kuipitisha kwa msuguano ni robo tu ya ile ya kuingiza kwenye 540. Baada ya hapo klachi imeshashika, haitelezi tena, na dereva anapandisha mafuta taratibu mpaka kasi ya kazi. Ndiyo maana utaratibu wa dereva mzoefu ni uleule popote: mashine iwe tupu, bila magunzi yaliyobaki ndani, injini ishushwe mpaka ingurume chini, klachi iachiwe polepole, kisha kasi ipandishwe. Hata hivyo upole nao una mpaka. Klachi inayoachiwa kwa woga, ikatelezeshwa kwa muda mrefu chini ya mzigo, huchoma sahani zake.

Wakati mwingine dereva hana kosa. Katika matrekta ya zamani yenye klachi ya hatua mbili, kama baadhi ya yale ya Massey Ferguson, pedali ikishushwa nusu husimamisha magurudumu na ikishushwa yote husimamisha PTO. Sahani ikiwa na grisi au mafuta, au vidole vya klachi vikiwa havilingani, haishiki kwa utaratibu bali hukamata kwa kuruka. Katika matrekta mengi mapya PTO huingizwa kwa swichi, na kinachobana sahani ni shinikizo la mafuta ya haidroliki. Hapo mguu wa dereva hauna la kufanya. Upole wote umewekwa katika vali na vitundu vidogo vinavyochelewesha shinikizo lisifike mara moja. Mafuta yasiyo ya aina yake, chujio lililoziba, au vali iliyochakaa huuondoa upole huo. Asubuhi za baridi katika nyanda za juu za Tarime mafuta huwa mazito, na trekta lisilopewa muda wa kupata joto haliwezi kuhukumiwa kwa kishindo chake cha kwanza. Krosi na meno ya shafti yaliyolegea huongeza ubaya, kwa sababu kila nafasi iliyo wazi ni mahali ambapo chuma hukimbia kwanza, kisha hugonga.

Sehemu moja ya muunganiko huu inastahili kuangaliwa kwa utulivu: boliti ya usalama. Katika mashine nyingi shafti haikazwi moja kwa moja kwenye mashine. Hufungwa kwa boliti moja iliyochaguliwa kwa udhaifu wake. Msokoto ukizidi kiasi, boliti hukatika, shafti huzunguka bure, na vitu vya thamani hubaki salama. Aliyeitengeneza alifikiri mapema juu ya siku ambayo mambo yataharibika, akachagua kitakachoharibika. Kijijini boliti hizo hukatika mara kwa mara, hasa pale PTO inapoingizwa kwa kishindo, na duka la karibu lenye boliti sahihi linaweza kuwa katika mji wa Mugumu au wa Tarime. Mtu akachukua boliti ngumu zaidi, au kipande cha nondo, akakipigilia mahali pake. Kazi inaendelea, tena bila kusimama kama jana. Kwa macho ya wanaosubiri kupukuchuliwa, tatizo limekwisha. Kwa kweli limehamishwa. Msokoto ambao jana ulikata boliti ya bei ndogo, kesho utatafuta krosi, au gia ndani ya trekta, au dramu itakayokwama pamoja na mkono uliokuwa ukisukuma magunzi.

Hatari kwa mwili inaweza kupimwa kwa hesabu. Shafti yenye kipenyo cha sentimita 7 ikizunguka mara 9 kwa sekunde hukunja karibu mita 2 za kitambaa kila sekunde. Kitenge kilichofungwa kiunoni, au koti la mvua lililoachwa wazi, huisha kabla aliyevaa hajapata neno la kupiga kelele. Ng'ombe wa plau akikutana na kisiki husimama, hupumua, humgeukia anayemswaga. Mnyama ana sehemu yake katika uamuzi. Injini haina sehemu hiyo. Uangalifu ambao mkulima wa Mara aligawana na ng'ombe wake kwa vizazi sasa uko kwa mtu peke yake, na huo ni mzigo wa kimaadili ambao haukutangazwa siku trekta lilipoingia kijijini.

Sasa majibu manne yanaweza kupimwa. Lile la mkono wa mtu hudharauliwa haraka na wasomi, na dharau hiyo haina haki. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya kabila la Wazande, alieleza ghala la nafaka linaloanguka juu ya watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ileile ambayo watu wale walikuwa chini yake. Imani ya uchawi, kwa hiyo, haikuwa ujinga wa sababu za kawaida. Ilikuwa jibu kwa swali la pili, lile la kwa nini yeye na kwa nini leo. Swali hilo ni la kibinadamu, na aliyefiwa ana haki ya kuliuliza. Ubaya huanza pale jibu la swali la pili linapofuta la kwanza. Mchwa wakishasahauliwa, ghala la pili nalo litajengwa juu ya nguzo zilezile, na jirani asiye na kosa atabeba lawama ya wadudu.

Jibu la mapenzi ya Mungu lina uzito mkubwa zaidi katika wilaya hizi. Miongoni mwa wenyeji, Wakurya wa jadi walimtaja Mungu kwa jina la jua, Iryoba. Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934, Wasabato wana makanisa mengi mkoani Mara, Jimbo Katoliki la Musoma liliundwa mwaka 1957, na Waislamu wapo hasa mijini na kwenye vituo vya biashara. Kwa wote hao, kusema kwamba hakuna linalotokea nje ya uwezo wa Mungu ni msingi wa imani. Kosa si kusema hivyo. Kosa ni kudhani kwamba, kwa kusema hivyo, boliti na klachi zimeondolewa kwenye maelezo.

Wanafikra wa dini walilichimba suala hili zamani. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikana kwamba moto una nguvu yake yenyewe ya kuunguza pamba. Anayeunguza ni Mungu, na kukutana kwa moto na pamba ni desturi aliyoiweka. Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayeondoa sababu huondoa na akili. Thomas Aquinas katika karne ya 13 alifundisha kwamba Mungu hutenda kupitia sababu za viumbe, na kwamba kuvipa viumbe uwezo wa kutenda ni sehemu ya ukarimu wake. Watu hao watatu hawakukubaliana, lakini hakuna hata mmoja ambaye mafundisho yake yanamwachia dereva nafasi ya kujificha. Hata kwa Al-Ghazali, aliye mbali zaidi na nguvu za asili, desturi ya Mungu ni ya kutegemewa: pamba iliyotupwa motoni itaungua, na anayeitupa anajua. Shafti isiyo na kava itakunja kitambaa, na anayeiacha wazi anajua. Mafundisho ya Kiislamu ya kumfunga ngamia kwanza na kumtegemea Mungu baadaye yanakaa upande huohuo. Nao Wasabato, wanaohesabu utunzaji wa afya ya mwili kuwa sehemu ya ibada, tayari wana msingi wa kuhesabu kava ya shafti kuwa jambo la dini.

Andiko lililo karibu zaidi na hali ya Tarime na Serengeti linapatikana katika sura ya 21 ya kitabu cha Kutoka, na wafugaji wa Mara wanaweza kulisoma bila mfasiri wa mazingira. Sheria hiyo inamzungumzia ng'ombe anayempiga mtu pembe akafa. Ikiwa ng'ombe huyo hakuwahi kuwa na tabia hiyo, anauawa, na mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alikuwa na tabia ya kupiga pembe tangu zamani, mwenyewe akaonywa, asimfungie, basi damu inamrudia mwenye ng'ombe. Tukio ni lilelile, pembe ni zilezile, na aliyekufa amekufa. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na onyo. Aya zinazofuata zinataja shimo lililochimbwa likaachwa bila kufunikwa, akatumbukia mnyama: aliyelichimba hulipa. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 22, linamtaka anayejenga nyumba aweke ukuta wa kuzuia watu wasianguke darini, na linahesabu kutouweka kuwa kujitwalia hatia ya damu.

PTO yenye kishindo ni ng'ombe aliyekwisha kujulikana, na shafti isiyo na kava ni shimo lililo wazi. Ajali ya kwanza isiyotarajiwa, chuma kilichokuwa na ufa usioonekana, mtoto aliyechomoka ghafla kutoka nyuma ya magunia, hayo yanaweza kuitwa bahati mbaya kwa dhamiri safi. Lakini kishindo ni onyo lenyewe. Hupigwa kila asubuhi, mbele ya mashahidi, kwa sauti inayosikika hadi boma la pili. Boliti inayokatika kila siku ni onyo jingine, na anayeweka nondo mahali pake amefanya kazi ya mtu anayeziba masikio ya mwenye ng'ombe. Kuanzia hapo neno la mapenzi ya Mungu, likitolewa na mwenye trekta, halimtukuzi Mungu. Linamkabidhi deni ambalo si lake.

Nani hasa ndiye mwenye ng'ombe? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Trekta mara nyingi ni la mtu anayeishi mjini, dereva ni mwajiriwa, mashine imekodiwa kwa mtu wa tatu, na vibarua wameitwa asubuhi hiyohiyo. Malipo hufuata idadi ya magunia, kwa hiyo kila dakika ya kuangalia krosi ni dakika isiyolipwa, na wingu likionekana upande wa Ziwa Viktoria, wenye mahindi huanza kumhimiza dereva. Mwanafalsafa Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako, alionyesha kwamba kutojua hakumwokoi mtu ikiwa kutojua kwenyewe kulikuwa mikononi mwake; mlevi huadhibiwa kwa tendo alilofanya bila kujua kwa sababu ulevi ulikuwa hiari yake. Mwenye trekta ambaye hakuuliza kamwe hali ya klachi yake yuko katika kundi hilo. Dereva aliyesema na asisikilizwe hayuko sawa naye, ingawa naye hakosi wajibu kabisa: bado anaweza kuanza kwa kasi ndogo, na anaweza kuwazuia watu wasivuke juu ya shafti. Fundi aliyeweka nondo na kunyamaza ana sehemu yake. Anayeuza trekta bovu huku akificha kishindo chake siku ya kujaribiwa ana sehemu kubwa zaidi. Sheria ya nchi nayo, ile ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inamhesabu mwajiri kuwa na wajibu juu ya sehemu hatari za mashine, na haimpi msamaha kwa kuwa kazi inafanyika uani badala ya kiwandani.

Wapo wanaouliza kama ukatili kwa chuma chenyewe ni dhambi. Chuma hakiumii, na hakuna haja ya kukipa roho. Hata hivyo trekta limebeba mkopo wa familia, ada ya mtoto, na jasho la watu waliolitengeneza. Kwa Mkristo hilo ni suala la uwakili, na kwa Mwislamu ni amana. Kulivunja kwa haraka isiyo na sababu ni kuharibu mali ya watu wasiokuwapo kujitetea.

Matrekta mapya huombewa, na jambo hilo ni jema. Mchungaji au padri anayewekea mikono boneti anaweza pia kuuliza kava ya shafti iko wapi, na swali hilo haliipunguzii sala nguvu.

Linabaki suala la wakati wa kusema. Msibani, mbele ya mama aliyefiwa, maneno ya kwamba Mungu ndiye aliyetoa na ndiye aliyetwaa ni faraja, na anayeanza kuhesabu boliti hapo amekosa utu. Lakini matanga yakianuliwa, Wakurya wana mahali pa maneno ya aina nyingine: iritongo, mkutano wa hadhara ambako jambo linalogusa jamii huzungumzwa waziwazi na kila mtu mzima husikia. Vijiji vya leo vina mkutano mkuu wa kijiji pia. Hapo faraja ya msibani haivunjwi kwa kuuliza nani aliingiza PTO injini ikiwa kwenye kasi ya juu, boliti iliyokuwamo ilikuwa ya namna gani, kava iliondolewa lini na kwa amri ya nani, na mwenye trekta alikuwa ameambiwa mara ngapi. Majibu yakipatikana, fidia inaweza kujadiliwa kwa haki, na trekta lile halirudishwi kazini mpaka lifungwe upya mbele ya walioliona likiua.